Shajara ya mradi: maisha na utumishi wa Askofu Robert Grosseteste wa Lincoln

Ingizo la 1: Mipaka ya kazi

Mradi huu unaandaa wasifu wa Kiswahili wa Robert Grosseteste, askofu wa Lincoln nchini Uingereza kuanzia 1235 hadi alipofariki 1253, pamoja na jedwali la matukio ya maisha yake. Walengwa ni waseminari, makatekista na walimu wa historia ya Kanisa wasiosoma Kilatini. Kila tukio kwenye jedwali linapewa tarehe kwa hesabu yetu ya leo, tarehe kama ilivyo kwenye hati, mahali, aina ya chanzo na alama ya uhakika. A ni hati iliyoandikwa kazini wakati ule ule. B ni mwandishi wa matukio aliyeishi zama hizo, kama Matthew Paris, mmonaki wa St Albans. C ni masimulizi ya baadaye.

Uamuzi mmoja umetangulia yote. Wengi wanamfahamu askofu huyu kwa jambo moja tu: mwaka 1253 alikataa kumpokea mpwa wa Papa Innocent IV kuwa kanoniki, yaani mmoja wa makleri wa baraza la kanisa kuu, wa Lincoln. Wakianza na tukio hilo, wanamchora kama mwasi, na wengine wamemfanya Mprotestanti aliyezaliwa mapema. Sisi tunaanza na orodha za maparoko aliowaweka na aliowakataa. Mtu akizisoma hizo kwanza, barua ya 1253 haimshtui. Anaona askofu akimfanyia mpwa wa Papa kile kile alichokuwa akiwafanyia vijana wa matajiri wa Uingereza kwa miaka 18.

Wasaidizi wa utafutaji wazingatie majina. Katika maandishi ya Kilatini ya zama za kati mara nyingi anatajwa kwa cheo tu, *Lincolniensis*, na anayetafuta Grosseteste peke yake atakosa nusu ya marejeo. Pia tenganisheni watu watatu: Hugh wa Avalon, askofu mtakatifu wa Lincoln aliyefariki 1200, Hugh wa Wells, askofu wa Lincoln kuanzia 1209 hadi 1235, na mtoto Hugh wa Lincoln aliyefariki 1255, ambaye hahusiki na mradi huu hata kidogo.

Ingizo la 2: Tarehe

Hapa ndipo wasifu mwingi wa maaskofu wa zama hizo unapoharibika, kwa hiyo tumeandika utaratibu kamili.

Kwanza, nakili tarehe kama ilivyo. Usibadili kitu kichwani. Tarehe ya Kirumi inayohesabiwa kurudi nyuma kutoka Kalenda, yaani tarehe mosi ya mwezi unaofuata, inapatikana hivi: chukua idadi ya siku za mwezi unaomalizika, ongeza 2, toa namba iliyoandikwa. Mfano, *XV kalendas Iulii*: Juni ina siku 30, ongeza 2 unapata 32, toa 15, inabaki 17. Basi ni 17 Juni. Kosa la kawaida ni kusoma "Iulii" na kuandika Julai.

Pili, angalia mwaka unahesabiwa kwa utawala wa nani. Orodha za askofu zinafuata mwaka wa uaskofu wake, na wa Grosseteste unaanza 17 Juni 1235, siku aliyowekwa wakfu. Ongeza 1234 kwenye namba ya mwaka wa uaskofu, utapata mwaka unaoanzia mwezi Juni. Mwaka wa 9 wa uaskofu ni 17 Juni 1243 hadi 16 Juni 1244. Hati za mfalme Henry III zinafuata mwaka unaoanza 28 Oktoba, kuanzia 1216; ongeza 1215. Hati za Papa Innocent IV zina hesabu yake nyingine. Hesabu hizi tatu zinapishana, kwa hiyo "mwaka wa 10" pekee hauna maana kama hujajua ni wa mfalme, wa Papa au wa askofu.

Tatu, mwanzo wa mwaka. Kanisa la Uingereza lilianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari Maria. Chochote kilichotokea Januari, Februari au kabla ya 25 Machi hubeba mwaka uliotangulia wa kwetu. Mfano mzuri umo ndani ya maisha yake mwenyewe. Hugh wa Wells alifariki 7 Februari, ambayo kwa hesabu ile ni 1234, na Grosseteste akachaguliwa 27 Machi 1235. Kwa macho ya haraka, jimbo lilikaa bila askofu zaidi ya mwaka mzima. Kwa kweli ni siku 48 tu. Mtu akikosea hapo ataanza kubuni mgogoro wa uchaguzi ambao haukuwapo. Bunge la Merton, mkutano wa mfalme na wakuu wa ufalme, nalo lina mtego huo huo: ni Januari 1236 kwetu, 1235 kwa makarani wao, mwaka wa 20 wa Henry III.

Nne, pima kwa siku ya wiki. Kwa kawaida maaskofu wa zama hizo waliwekwa wakfu Jumapili. Mwaka 1235 Pasaka iliangukia 8 Aprili. Kutoka 8 Aprili hadi 17 Juni ni siku 70, ambazo ni wiki 10 kamili, kwa hiyo 17 Juni ilikuwa Jumapili. Tarehe imepita. Kipimo hiki hakithibitishi tarehe, ila kinaangusha tarehe mbovu mapema. Kikokotoo cha Pasaka kiwekwe kwenye kalenda ya Juliasi, iliyotumika zama hizo, maana programu nyingi hutoa ya Gregori bila kukuambia, na matokeo yanakwenda kombo.

Hali: safu ya tarehe imekamilika kwa matukio yote ya alama A.

Ingizo la 3: Miaka ya kabla ya uaskofu

Sehemu hii itakuwa fupi, na iachwe fupi. Alizaliwa karibu 1170 katika kaunti ya Suffolk, familia ya hali ya chini. Katika miaka ya 1190 Gerald wa Wales alimwandikia William de Vere, askofu wa Hereford, akimsifu Robert kwa ustadi wa shughuli za kisheria, tiba na elimu ya jumla. Askofu de Vere alifariki 1198, na kijana akapoteza mlezi wake. Baada ya hapo hati zinakuwa haba mno mpaka 25 Aprili 1225, Hugh wa Wells alipompa parokia ya Abbotsley, Huntingdonshire. Hati inamtaja kuwa shemasi. Alikuwa na umri wa takriban miaka 55 na bado hajapadrishwa.

Pengo hilo la zaidi ya miaka 25 ndilo linalowavuta waandishi kujaza. Wapo wanaompeleka Paris kusoma teolojia, wapo wanaombakiza Uingereza kama karani wa jimbo na mwalimu wa sayansi. Jedwali letu linaacha miaka hiyo wazi na kuweka matukio ya nje tu yaliyombana yeyote aliyekuwa msomi wa Uingereza wakati huo: marufuku ya ibada iliyowekwa na Papa kuanzia 1208 hadi 1214, na kufungwa kwa shule za Oxford kuanzia 1209 hadi 1214.

Kuanzia 1229 mambo yanakuwa dhahiri. Alifanywa arkidiakoni wa Leicester, yaani msimamizi wa sehemu moja ya jimbo kwa niaba ya askofu, na akapata prebenda, fungu la mapato, katika kanisa kuu la Lincoln. Karibu na wakati huo Agnellus wa Pisa, mkuu wa Wafransisko waliofika Uingereza Septemba 1224, alimwomba afundishe ndugu wa Oxford. Alifundisha humo mpaka alipochaguliwa askofu. Mwaka 1232, baada ya ugonjwa, aliachia vyeo vyake vyote vyenye mapato isipokuwa prebenda moja ya Lincoln. Barua kwa dada yake Juetta, aliyekuwa mtawa, inaeleza hatua hiyo. Katika mkusanyo wa Kilatini uliochapishwa 1861 ni barua ya 8. Tukio hili lipewe nafasi kubwa kuliko linavyopewa kwa kawaida. Alipokuja kuwabana wengine kuhusu kushika vyeo vingi, alikuwa amekwisha kujivua vyake.

Kuhusu kuitwa "chansela wa kwanza wa Oxford": mwaka 1295 Oliver Sutton, askofu mwingine wa Lincoln, alieleza kwamba Grosseteste aliifanya kazi hiyo lakini hakuruhusiwa kuitwa chansela, bali mkuu wa shule. Hiyo ndiyo sentensi inayoingia kwenye wasifu. Isirefushwe.

Tahadhari ndogo ya ramani: Stow ya Suffolk, inayotajwa kwenye habari za kuzaliwa kwake, si Stow ya Lincolnshire, iliyokuwa makao ya mojawapo ya maarkidiakoni wake.

Ingizo la 4: Orodha za maparoko

Huu ndio moyo wa mradi na ndio uliochukua nguvu nyingi.

Jimbo la Lincoln lilianzia mto Humber kaskazini na kushuka hadi mto Thames. Lilikuwa na parokia karibu 2,000 na sehemu nane za maarkidiakoni: Lincoln, Stow, Leicester, Northampton, Huntingdon, Bedford, Buckingham na Oxford. Hugh wa Wells ndiye aliyeanza kuweka kumbukumbu za maparoko kwa mpangilio, na orodha zake ndizo kongwe kuliko zote zilizosalia Uingereza. Grosseteste aliendeleza. Si vitabu, ni vipande vya ngozi vilivyoshonwa kichwa kwa mkia na kuviringishwa. Kila sehemu ya jimbo ina msokoto wake, na ndani yake habari zinakwenda kwa mwaka wa uaskofu. Maandishi yake ya Kilatini yalichapishwa 1913, na hayo ndiyo tunayotumia.

Ingizo la kawaida lina viungo vinavyorudi kwa mpangilio ule ule: jina la anayependekezwa na daraja lake (shemasi mdogo, shemasi au padre), kanisa, anayempendekeza, yaani mwenye haki ya kupendekeza paroko, namna nafasi ilivyoachwa wazi, uchunguzi uliofanywa na arkidiakoni, kukubaliwa na kuwekwa, masharti, na mwisho agizo kwa arkidiakoni amkabidhi kanisa. Tumetengeneza safu moja kwa kila kiungo. Ishara ya kwamba msomaji anaelewa anachosoma ni kwamba hakuna neno la ingizo linalobaki bila safu.

Mambo yanayokwamisha ni haya. Maingizo mengi hayana siku, yana mwaka wa uaskofu tu, kwa hiyo tarehe inaingizwa kama kipindi, Juni hadi Juni. Usiweke 17 Juni ili safu isikae tupu, kwa sababu mtu wa baadaye ataichukua kuwa tarehe halisi na jedwali zima litajaa Juni za uongo. Anayependekeza si lazima awe mwenye haki: mrithi akiwa mtoto, mlezi wake au mfalme hupendekeza badala yake, na ukiandika jina la mlezi kama mmiliki utaonyesha kanisa likihama mikono mara tatu ilhali halikuhama. Jina moja la kijiji huandikwa kwa tahajia nyingi, basi tumia tahajia ya sasa kwenye safu kuu na ile ya hati pembeni.

La nne ni zito zaidi: kutofautisha rekta na vikari. Rekta ndiye mwenye zaka zote za parokia. Mara nyingi alikuwa monasteri, au karani aliyeishi mbali. Vikari ndiye anayeishi pale, anabatiza, anazika, na anapokea sehemu tu. Mtaguso wa Oxford wa 1222 uliweka kima cha chini cha vikari kuwa marka 5 kwa mwaka. Marka moja ni shilingi 13 na peni 4, sawa na peni 160. Pauni ni shilingi 20, sawa na peni 240. Marka 5 basi ni pauni 3, shilingi 6 na peni 8. Mtu akiwachanganya hawa wawili, hesabu ya mapadre waliokaa parokiani inaharibika, na hiyo ndiyo hesabu tunayoitafuta.

Kwenye safu ya masharti ndiko askofu anakoonekana. Mwingine anawekwa kwa sharti la kuhudhuria shule na kujifunza. Vikari anawekwa kwa sharti la kuhudumu yeye mwenyewe na kuishi pale pale. Maneno haya yanajirudia mpaka mnakili anashawishika kuyaruka. Asiyaruke.

Waliokataliwa hawaonekani kwenye orodha. Wako kwenye barua. Barua ya 11, kwa Michael Belet, inaeleza kijana aliyeletwa kwa askofu aombewe parokia: hana upara wa ukleri, amevaa nguo nyekundu, vidole vina pete, mavazi na mwendo wake ni wa mlei, au tuseme wa askari wa farasi, na kusoma ni kidogo sana. Alirudishwa. Barua ya 17 ni kwa William Raleigh, hakimu mkubwa wa mfalme, aliyempendekeza W. wa Grana. Kijana alikuwa na umri mdogo na elimu haikutosha. Askofu alikataa, kisha akaahidi kumpa kijana huyo marka 10 kwa mwaka kutoka mfuko wake mwenyewe. Hapo pana funzo kwa mwandishi wa wasifu: askofu hakuwa na kinyongo na kijana wala na Raleigh. Fedha alikuwa tayari kutoa. Roho za watu hakuwa tayari kuzitoa. Tumeipa barua hii ukurasa mzima kwa sababu hoja yake ni ile ile ya 1253, ila imeandikwa kwa sauti ya chini.

Hali: Leicester na Oxford zimeingizwa. Buckingham inaendelea. Lincoln yenyewe, iliyo kubwa kuliko zote, bado.

Ingizo la 5: Ziara za jimbo

Utaratibu wa ziara unajulikana vizuri kwa kuwa aliueleza mwenyewe mbele ya Papa mwaka 1250. Alizunguka jimbo dekania kwa dekania, yaani kundi la parokia jirani baada ya jingine. Mapadre wa dekania waliitwa siku na mahali palipopangwa, na watu wakaambiwa waje na watoto wa kupewa kipaimara, wasikie neno la Mungu na waungame. Askofu mwenyewe aliwahubiria mapadre. Ndugu Mfransisko au Mdominiko aliwahubiria watu. Kisha ndugu wanne walisikiliza maungamo na kutoa malipizi. Watoto walipewa kipaimara siku hiyo na siku iliyofuata. Baada ya hapo askofu na makarani wake walishika kazi ya kuchunguza na kusahihisha. Baadhi ya watu walimwambia kwamba anafanya jambo jipya lisilo na mazoea. Jibu lake lilikuwa kwamba kila jipya linalomjenga mtu ni baraka.

Katika ziara za mwanzo waliondolewa maabati 7 na mapriori 4, wote wakuu wa monasteri. Tarakimu hii iandikwe pamoja na chanzo chake (kumbukumbu za kimonaki, alama B) na isitajwe kana kwamba ni takwimu ya jimbo zima kwa miaka yote 18.

Kanuni zake kwa mapadre, za karibu 1239, zinaanza na mambo ya msingi: kila mchungaji ajue Amri Kumi, sakramenti saba na dhambi saba kuu, na azifundishe kwa lugha ya watu. Barua ya 22, kwa maarkidiakoni, inakataza pia ugomvi wa parokia kugombania bendera ya nani itangulie katika maandamano ya kila mwaka kwenda kanisa kuu. Ugomvi huo ulikuwa ukiishia kwa damu. Maelezo madogo kama haya yabaki kwenye wasifu. Yanaonyesha jimbo lenyewe.

Ingizo la 6: Kesi ya makanoniki

Mwaka 1239 askofu alitaka kuwatembelea rasmi, yaani kuwachunguza na kuwasahihisha, dekano (mkuu wa makanoniki) na makanoniki wa kanisa kuu lake. Walikataa, wakidai kazi hiyo ni ya dekano. Alimwondoa dekano, William wa Tournai. Barua ya 127, ndefu kuliko zote, ndiyo utetezi wake: askofu anawajibika kwa Mungu kwa kila roho ya jimbo, na makanoniki nao wana roho.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kwa nini kesi ilichukua miaka sita. Sababu kubwa iko Roma. Papa Gregory IX alifariki 22 Agosti 1241, mrithi wake Celestine IV akadumu siku chache tu, kisha kiti kikakaa wazi mpaka Juni 1243 alipochaguliwa Innocent IV. Rufaa haikuwa na wa kuimaliza. Hukumu ilitolewa Lyon, alikokuwa akikaa Papa, tarehe 25 Agosti 1245, baada ya Mtaguso ambao Grosseteste alihudhuria, na ikampa askofu haki ya kuwatembelea makanoniki. Aliyempa haki hiyo ni Innocent IV yule yule wa 1253. Jedwali limeweka mstari unaounganisha matukio haya mawili, kwa sababu bila huo msomaji atadhani waliishi kama maadui.

Kuanguka kwa mnara wa kati wa kanisa kuu kunasimuliwa pamoja na kesi hii. Habari zinasema kanoniki mmoja alikuwa akihubiri dhidi ya askofu, akasema "sisi tukinyamaza, mawe yatapiga kelele", na mawe yakaporomoka. Vyanzo vinapishana kati ya 1237 na 1239. Kuanguka ni A, mahubiri ni B, na visiandikwe katika sentensi moja. Ikiwa ni 1237, mnara ulianguka kabla kesi haijaanza.

Mwaka 1243, askofu mkuu wa Canterbury akiwa hajapatikana, wamonaki wa Canterbury walimtenga Grosseteste na Kanisa kwa sababu ya kumwondoa abati wa Bardney. Papa aliamuru adhabu ifutwe. Lisirefushwe, ila likumbukwe kwa jambo moja: Richard wa Bardney, aliyeandika maisha ya Grosseteste kwa mashairi mwaka 1503, alikuwa mmonaki wa nyumba hiyo hiyo. Yote yanayotoka kwake peke yake yanapewa C.

Ingizo la 7: Kazi za kitaaluma

Sehemu hii inasimamiwa na kikundi kingine, kwa hiyo hapa ni yale tu yanayogusa wasifu. Alipokuwa askofu, akiwa amevuka miaka 60, alifanya kazi ya kutafsiri kutoka Kigiriki. Maandishi yanayobeba jina la Dionisio Mwareopago yalifanyiwa kazi karibu 1239 hadi 1243. *Maagano ya Mababu Kumi na Wawili* ni 1242. *Maadili* ya Aristotle pamoja na wafafanuzi wake ni karibu 1246 hadi 1247. Hakuifanya peke yake. Nicholas Mgiriki alikuwa karani wake, na John wa Basingstoke, aliyesoma Athens, ndiye aliyempa habari za *Maagano*. Nakala ya Kigiriki iliyotumika iko Cambridge mpaka leo, namba Ff.1.24 katika maktaba ya chuo kikuu.

Andiko lake juu ya kalenda linahusiana na safu yetu ya tarehe moja kwa moja. Mwaka wa Juliasi una siku 365 na robo, mrefu kidogo kuliko mwaka wa jua, na tofauti inafika siku moja kila miaka 128 hivi. Wakati wake usiku na mchana vilikuwa vikilingana karibu 13 Machi, lakini hesabu ya Pasaka ilishikilia 21 Machi. Alitaka irekebishwe. Marekebisho yalikuja 1582.

Kuna maandishi mengi yaliyobandikwa jina lake. *Summa philosophiae* ilihesabiwa kuwa yake kwa muda mrefu. Iliandikwa baada ya kifo chake. Iondolewe kwenye orodha ya kazi, si kuwekewa alama ya swali.

Kinyume chake, kazi moja halali husahaulika: kanuni za kuendesha mashamba na nyumba alizomwandikia Margaret de Lacy, mke wa marehemu lodi wa Lincoln, baada ya 1240. Ndani yake kuna hesabu za ghala, jembe na meza. Kila kota (kipimo cha nafaka) ya ngano, kwa mfano, itoe mikate 180, myeupe na ya unga mzito pamoja. Tumeiweka katika sura ya ziara, mahali pake panapofaa: mtu aliyehesabu mikate ya mjane kwa uangalifu huo ndiye aliyehesabu maparoko.

Ingizo la 8: 1250 na 1253

Hotuba ya Lyon ilitolewa 13 Mei 1250 mbele ya Papa na makardinali. Kutangazwa kwa adhabu ya kutengwa na Kanisa dhidi ya wavunjaji wa Magna Carta, hati ya haki iliyombana mfalme, ambako Grosseteste alikuwa mmoja wa maaskofu waliotamka, kulifanyika Westminster 13 Mei 1253. Tarehe na mwezi ni zile zile, na matukio haya mawili huchanganywa. Yamewekewa rangi tofauti.

Hoja ya 1250 ni hii: chanzo cha kuharibika kwa Kanisa ni wachungaji wabaya, na wachungaji wabaya wanaletwa na wale wanaowapa vyeo, hata makao makuu ya Papa. Alisema hayo ana kwa ana na wahusika, kisha akarudi jimboni akaendelea na kazi.

Kuhusu mapato ya makleri wa kigeni nchini Uingereza, Matthew Paris anasema makarani wa askofu walikadiria marka 70,000 kwa mwaka, ambazo ni pauni 46,666, shilingi 13 na peni 4. Alama ni B. Iandikwe kuwa ni kadirio lililoripotiwa na Matthew Paris, basi.

Barua ya Papa ya kumpa Frederick wa Lavagna ukanoniki wa Lincoln ni ya 26 Januari 1253. Jibu la askofu ni barua ya 128. Karibu kila muhtasari unasema alimwandikia Papa. Sivyo. Aliiandika kwa Mwalimu Innocent, karani wa Papa aliyekuwa Uingereza akisimamia utekelezaji. Kufanana kwa jina ndiko kulikopotosha. Maneno yake yanapimwa kwa uangalifu: anakataa kutii, anapinga na anaasi, lakini "kama mwana na kwa utii". Hoja ni kwamba mamlaka ya Kiti cha Mitume yametolewa kwa kujenga wala si kwa kubomoa, maneno ya Mtume Paulo katika 2 Wakorintho 13:10, na kumweka mtu asiyechunga mahali pa mchungaji ni kubomoa. Kwa hiyo amri kama hiyo haiwezi kutoka kwa mamlaka hayo. Hakukana mamlaka ya Papa. Aliyashika mpaka mwisho, na ndiyo maana alikataa.

Katika rasimu, sura hii inakuja mara baada ya barua ya 17, na fedha za W. wa Grana zinatajwa tena hapo. Mhariri yeyote atakayetaka kuihamishia mwanzo wa kitabu asome kwanza Ingizo la 4.

Ingizo la 9: Kifo, na kazi iliyobaki

Alifariki Buckden, kwenye nyumba ya maaskofu wa Lincoln, usiku wa kuamkia 9 Oktoba 1253. Vitabu vingine vinaandika 8, vingine 9. Jedwali linaandika "usiku wa 8–9 Oktoba" na kuishia hapo. Tarehe 9 ni sikukuu ya Mtakatifu Dionisio, ambaye watu wa zama zile walimchukua kuwa ndiye mwandishi yule yule aliyemtafsiri. Alizikwa katika kanisa kuu la Lincoln. Vitabu vyake aliwaachia Wafransisko wa Oxford kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa Adam Marsh, Mfransisko na mwalimu wa huko. Makanoniki wa Lincoln, walioshindana naye miaka sita, walikuwa miongoni mwa walioomba atangazwe mtakatifu. Maombi yalirudiwa mpaka 1307, Mfalme Edward I akiunga mkono. Hayakufanikiwa.

Yaliyobaki: kumaliza Buckingham, kuingiza Lincoln, kuanzia mwaka wa 1 wa uaskofu, kulinganisha majina ya kwenye orodha na barua zote 131 ili kuona nani alikataliwa kisha akarudi baada ya kusoma, na kutafsiri maelezo ya ziara ya 1250 moja kwa moja kutoka Kilatini. Anayechukua msokoto wa Lincoln atenge safu ya masharti kabla ya kuanza, maana huko masharti ya kwenda shule ni mengi na yameandikwa kwa vifupisho.